Vesta Slone na Nyanya za Bonde la Gilly

Mchungaji wetu, ndugu wa damu na wa imani, majirani wa Bonde la Gilly, nanyi mliosafiri kutoka Ohio na Michigan, familia ya Slone imenituma mimi mkwe, mume wa Twila, nisimame kando ya jeneza hili niwasomee maisha ya mama yetu Vesta Orlena Slone, na imenionya nisimpambe kwa sifa asizokuwa nazo, kwa maana yeye mwenyewe, alipokuwa akikaa benchi lile la tatu na kusikia mtu mkorofi akisifiwa upole siku ya maziko yake, alikuwa akimgusa jirani kwa kiwiko na kumnong'oneza, "Wamekosea jeneza."

Mama Vesta alizaliwa tarehe 11 Machi 1938, katika nyumba ya mbao juu ya kijito cha Gilly, hapa mashariki mwa Kentucky, akiwa mtoto wa pili wa Enos Gayheart, mchimbaji wa makaa ya mawe, na mkewe Lula, wote wametangulia mbele ya haki. Tarehe 9 Novemba 1945 Enos alishuka mgodini zamu ya asubuhi, paa la mgodi likamwangukia, na Vesta, aliyekuwa akicheza barazani, ndiye wa kwanza kuwaona wanaume walioleta habari ya msiba wakipanda njia polepole, kofia mkononi, hakuna anayetaka kuwa mbele. Kuanzia siku hiyo mtoto yule akawa mtu wa kusikiliza, akijua kila gari kwa mlio wake na kila mbwa wa jirani kwa kubweka kwake, na gari geni likipunguza mwendo karibu na lango, alikuwa akiacha alichokishika na kusimama wima mpaka lipite.

Alianza shule ya msingi hapa bondeni mwaka 1944, akaendelea na sekondari ya Tolliver mwaka 1952, akaiacha akiwa darasa la kumi, Aprili 1954, si kwa sababu kichwa kilikuwa kizito, bali kwa sababu mama yake alianza kuugua kifua na hapakuwa na mwingine wa kupika na kufua. Alikuwa hodari wa hesabu, na mpaka uzeeni alikerwa na mtu anayejumlisha kwa vidole.

Tarehe 14 Juni 1957 alifunga ndoa na Coy Slone katika kanisa hili hili, na tusifiche, alikuwa ameapa mbele ya wadogo zake kwamba hataolewa na mchimbaji. Alipoulizwa kiapo kimekwenda wapi, alijibu kwamba bonde zima lina wachimbaji, vilema na mchungaji mmoja, na mchungaji alikuwa ameshaoa. Siku ya tatu baada ya harusi mama mkwe wake, Bibi Arminta Slone, mwanamke mwembamba asiyejua kucheka bila sababu, alimwita jikoni, akamfungulia kitambaa chenye mbegu za nyanya, zile nyanya kubwa za rangi ya waridi, zenye umbo la moyo na nyama tupu ndani, ambazo ukoo wa Slone umezipanda tangu babu zao wavuke milima kuja huku, na ambazo hazipatikani dukani wala kwa ukoo mwingine.

"Hizi alinipa mama mkwe wangu," Bibi Arminta alimwambia. "Zimepita kwenye njaa na kwenye mafuriko. Zikifia mkononi mwako, usinijie na maelezo."

"Nazo zinakufaje, Mama?"

"Kwa kila namna. Ndiyo sababu nakwambia."

Bibi harusi yule alitoka jikoni akiwa na mzigo ambao kwa macho haujai kiganja, na alituambia mara nyingi kwamba hakupata usingizi mzuri mwezi wa Februari tangu mwaka huo. Kila Februari aliatika mbegu kwenye makopo ya kahawa juu ya kabati karibu na jiko la makaa, akiyazungusha kutwa mara kadhaa ili joto lisiwe upande mmoja, akiinama na kusogeza uso mpaka pua iguse udongo, akitafuta ile shingo nyeupe iliyojikunja inayotangulia jani. Akiiona hafurahi, anaanza hofu nyingine, kwamba mche utarefuka na kuanguka, kwamba panya atapita, kwamba mtu ataacha mlango wazi. Na mavuno yakija, nyanya ya kwanza iliyo nzuri kuliko zote hailiwi na mtu, hata awe mgonjwa, hukamuliwa mbegu zake kwenye glasi, zikaachwa kwenye maji yake mpaka zichachuke na kufanya utando wenye harufu mbaya, ndipo zikaoshwa na kuanikwa kwenye sahani dirishani, na mume wake alikuwa akilalamika kwamba katika nyumba yake yeye ni wa pili, baada ya sahani.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Darris aliyezaliwa tarehe 2 Aprili 1958, na Twila aliyezaliwa tarehe 27 Januari 1961. Mwaka 1966 Mama Vesta aliajiriwa jikoni katika shule ya Tolliver, akafanya kazi hiyo mpaka alipostaafu Juni 1998, na wengi wenu mliokaa humu mmekula maharage yake na mkate wake wa mahindi, na mnakumbuka kwamba hakumruhusu mtoto kuondoka mezani bila kumwambia anakwenda wapi.

Sasa nifike kwenye siku ambayo familia isingeweza kuiruka. Tarehe 6 Mei 1975 asubuhi jua lilikuwa kali, vyura wanalia kijitoni, na Coy akimtania kabla ya kwenda zamu akamwambia, "Panda, mke wangu, hata vyura wameshavua makoti." Kiangazi cha mwaka uliotangulia mvua zilikuwa zimeozesha matunda, mbegu alizobaki nazo ni chache na zote alikuwa ameshaziatika, miche iliyokuwa kwenye makopo yale ndiyo ukoo mzima, hakuna akiba nyuma yake. Alisita, akatazama mlima, akapanda yote, kila mche ukizikwa mpaka shingoni kama alivyofundishwa. Alikuwa bado amepiga magoti mchana huo king'ora cha mgodi kilipolia, na hakikunyamaza.

Alifika mdomo wa mgodi kwenye gari la jirani, udongo ukiwa bado mikononi, akaambiwa kwamba paa limeanguka ndani sana, wanaume sita wako nyuma ya kifusi, Coy ni mmoja wao, na kwamba msimamizi, Bwana Estill Ratliff, ameingia na kikosi cha kuchimbua. Wake na akina mama walisimama pamoja bila kusema, kwa sababu katika kusubiri kwa namna ile mtu anaogopa kwamba neno lake litakuwa ndilo linaloleta msiba. Jua lilipoanza kushuka mawingu yakaondoka yote, upepo ukalala, na baridi ikaanza kutoka ardhini na kupanda miguuni, nao wote ni watu wa bustani, wanajua mbingu safi na upepo uliolala mwezi wa Mei maana yake ni sakitu, ile baridi inayoacha unga mweupe juu ya majani na kuyageuza meusi asubuhi. Mama Vesta alijikuta anaiwaza miche, akaona aibu kubwa, mume wake yuko chini ya mlima naye anawaza nyanya, akajibana mkono kwa kucha mpaka ukatoka damu.

Ndipo Bibi Arminta, mama mzazi wa Coy aliyefukiwa, akafika kwa miguu pamoja na Twila, akatazama mdomo wa mgodi, kisha akatazama juu.

"Umefunika?" akauliza.

"Mama, Coy yumo ndani."

"Najua yumo ndani. Mimi ndiye niliyemzaa. Nimekuuliza, umefunika?"

"Sijafunika."

Bibi Arminta alimshika Twila mkono, akageuka na kurudi njia aliyokujia, na wanawake waliokuwa pale walitazamana, wengine wakidhani uchungu umemtoa akili, wengine wakidhani hana moyo. Twila ndiye anayejua yaliyofuata, kwamba bibi yake alivua mashuka yote vitandani, akachukua blanketi la harusi, mapazia ya sebuleni, na koti la Coy la kanisani, akatambaa kati ya matuta akifunika mche mmoja mmoja na kukandamiza pembeni kwa mawe, huku meno yake yakigongana kwa woga na baridi, na Twila alipolia akisema wanapaswa kuwa kule kwa baba, bibi yake alimjibu bila kuinua kichwa, "Kule siwezi kufunika kitu. Shika upande huo."

Mgodi uliwatoa asubuhi iliyofuata, watano wakiwa hai, na Hobert Fugate, ambaye ndugu zake tunawaona hapa leo, akiwa amekwisha kufariki, Mungu aendelee kumrehemu. Coy alitolewa mguu ukiwa umevunjika mahali pawili, uso mweusi, akiuliza saa ngapi. Kwenye bonde lote sakitu ilikuwa imeua maharage na maua ya mipichi, na chini ya mashuka ya Bibi Arminta miche ya nyanya ilikuwa imesimama. Mama Vesta aliporudi nyumbani na kuona koti la mumewe limelala juu ya tuta, mikono imetandazwa, alipiga yowe kabla hajaelewa anaona nini, na ndiyo mara pekee majirani walimsikia akipiga kelele.

Watu husema kwamba hofu ikishakupitia inakuacha, lakini kwake ilikaribishwa kiti. Septemba mwaka huo Coy alipotupa mkongojo, mkewe alimuuliza, "Utarudi tena mle?" naye akamjibu, "Nirudi wapi kwingine, Vesta?" na hawakulizungumza tena. Kutoka siku hiyo hakupokea simu, kwa kuwa aliamini simu ya nyumba ya mchimbaji hailii kwa jambo jema, ikilia alimwita Twila, na Twila asipokuwepo aliiacha ilie huku ameziba masikio kwa kitambaa cha vyombo.

Juni 1976 Darris alimaliza sekondari, akatangaza mezani kwamba atashuka mgodini na baba yake, na uso wa Coy ukaonyesha amefurahi na ameogopa. Mama Vesta aliinuka, akaosha sahani, na kesho yake alivaa gauni la kanisani akaenda ofisi ya mgodi kwa Bwana Ratliff.

"Mama Slone, kama ni kazi ya kijana, nafasi ipo," Bwana Ratliff alimwambia.

"Sijaja kuomba kazi, Estill. Nimekuja kuomba usimpe. Wewe uliingia ukamtoa baba yake, unajua kuna nini mle. Usimpe."

Bwana Ratliff akasema, "Atakuchukia."

"Achukie. Mtu anayechukia anapumua."

Bonde letu halina siri, haikupita wiki kijana akajua, akaja bustanini akamkuta mama yake anafunga miche kwenye vijiti kwa vipande vya soksi kuukuu, akamwambia, "Umenifunga miguu mbele ya wanaume wenzangu," na Mama Vesta, ambaye siku zote alikuwa na jibu, akainama akafunga mche uliofuata. Darris aliondoka wiki hiyo hiyo kwenda Michigan kwenye kiwanda cha magari, akawa anampigia simu baba yake kazini, anamsalimia dada yake, na jina la mama yake halitaji. Kila Februari Mama Vesta alimtumia kipande cha karatasi chenye mbegu chache zilizokunjwa ndani, bila salamu, kwa kuwa aliogopa salamu ikirudishwa, na hakujua kama zinapandwa au zinatupwa, na Darris ameniruhusu niseme mbele yenu kwamba miaka ya kwanza zilitupwa.

Tarehe 18 Juni 1983 mchana, Mama Vesta alikuwa peke yake, Coy yuko zamu, mimi na Twila tulikuwa tumeshaoana tunakaa Tolliver, na simu ikalia. Aliiacha. Ikanyamaza, ikalia tena, ikanyamaza, ikalia mara ya tatu, na alitusimulia kwamba alimwona tayari Coy chini ya jiwe na akachagua akilini gauni la kuvaa mazikoni, ndipo akainua ile simu.

"Mama?" ikasema sauti. "Mama, uko hapo?"

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Ni Darris. Majani ya chini yana madoa, yanakuwa ya njano, kisha yanakauka, na yanapanda juu. Pauline anasema ning'oe yote."

Pauline ni mke wake, ambaye mwaka huo aliikuta karatasi ya mbegu mezani na kuziatika kwenye trei ya mayai bila kumuuliza mtu.

"Pauline asiguse kitu," Mama Vesta alisema. "Madoa yana miviringo, kama kisiki kilichokatwa?"

"Ndiyo."

"Kata ya chini peke yake, yale yanayogusa udongo, choma. Usikate yakiwa na maji. Tandaza nyasi kavu chini ili mvua isirushe matope. Na umwagilie shinani, si kichwani, wewe ulikuwa unapenda kumwagilia kichwani."

"Nilikuwa na miaka sita, Mama."

"Na ulikuwa unamwagilia kichwani."

Walizungumza madoa, wakazungumza viwavi, wakazungumza kama mche unahitaji kupunguzwa machipukizi au la, hakuna aliyetaja mgodi, na simu ilipokatika Mama Vesta alikaa sakafuni mpaka Coy aliporudi, akamkuta hapo, na alipomwambia Darris amepiga simu, Coy naye akauliza, "Nani amekufa?"

Darris alikuja Agosti mwaka uliofuata na mkewe, na akaendelea kuja kila mwaka. Siku moja wakiwa wanakamua mbegu alimuuliza mama yake kama angefanya tena alilofanya kwa Bwana Ratliff, naye akajibu, "Kesho asubuhi," na akaendelea kukamua. Familia haiwezi kusema hapa kama alifanya sawa, Darris mwenyewe ana siku anazosema ndiyo na siku anazosema hapana, tunaweza kusema tu kwamba aliliogopa jambo, akavaa gauni, akaenda kulikabili.

Bibi Arminta alifariki tarehe 30 Januari 1986. Coy alitoka mgodini mwaka 1989 akiwa na vumbi kifuani, akaishi na mtungi wa hewa mpaka tarehe 4 Oktoba 2003 alipomtangulia mkewe, na tuliofikiri kwamba sasa hofu ingemwacha Mama Vesta, maana hakuna tena mtu wa kumsubiri kutoka chini, tulikosea. Iliwahamia wajukuu, ikahamia mvua za kiangazi, na kila miche ilipotoka nje mwezi wa Mei alilala na viatu.

Mwezi wa Novemba 2014 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akachunguzwa hospitalini ikaonekana moyo umechoka, akapewa dawa akazinywa kwa uaminifu na kwa manung'uniko. Februari 2016 aliatika mbegu kwa mara ya mwisho akiwa amekaa kitini, Twila akimshikia makopo, na Mei hakuweza kufika bustanini, akatusimamia kutoka barazani akitumia fimbo kuonyesha na maneno ambayo sitayasoma kanisani. Mwanzoni mwa Agosti alilazwa, madaktari wakatueleza ukweli kwa upole, naye akaomba arudishwe nyumbani.

Tarehe 22 Agosti 2016 asubuhi Darris na Twila walikuwa kando ya kitanda chake, madirisha wazi, naye akafungua macho akamwita Twila.

"Naogopa," alisema.

Twila akamuuliza, "Unaogopa nini, Mama?"

"Sijui. Hilo ndilo jipya. Siku zote nilikuwa najua ninachokiogopa, nakitazama, nakifanyia kazi. Hiki sikijui."

Darris alitaka kumwambia asiogope, ametueleza kwamba neno lilifika mdomoni, akaliona halifai kwa mtu aliyekuwa akiogopa maisha yake yote na bado akafanya kila lililotakiwa kufanywa, basi akavuta kiti karibu zaidi.

"Na sisi tunaogopa, Mama," akasema.

"Basi msitoke," Mama Vesta akasema. "Hata mmoja asitoke."

Alifumba macho, pumzi yake ikawa inakuja kwa mbali kama ya mtu apandaye mlima, na saa nne na robo haikuja tena. Ameacha watoto wawili, wakwe wawili, wajukuu watano na kitukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kuvumilia ulimi wake, wahudumu waliokuwa wakija nyumbani kumpima na kumgeuza, wafanyakazi wenzake wa jiko la shule ya Tolliver waliopika chakula kitakacholiwa leo ukumbini chini, majirani wa Bonde la Gilly waliochimba kaburi kwa mikono kwenye mwamba ule na joto hili, ukoo wa Fugate uliokesha nasi, mchungaji na wanakwaya, na ninyi nyote ambao hatuna muda wa kuwataja, Mungu awalipe.

Mama yetu, Vesta Orlena, tulikaa wote mpaka mwisho, hakuna aliyetoka. Lala sasa, upumzike kwa amani.